Skii nyepesi kwa mlima mrefu: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua za toleo hili zinahusu mbio za kupanda milima ya theluji kwa skii. Kwa msomaji asiyezifahamu: mwanariadha huupanda mlima akiwa na skii miguuni, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji, na chini yake amebandika ukanda wenye manyoya unaozizuia zisirudi nyuma. Mwinuko ukizidi, huzivua, huzifunga mgongoni na kupanda kwa buti. Akifika juu hubandua ukanda, hufunga visigino na kuteremka kwa kasi. Mchezo huu uliingia Olimpiki ya Majira ya Baridi kwa mara ya kwanza mwaka 2026, kwenye michezo ya Milano Cortina. Mashindano yenyewe yalipangiwa Bormio, Italia: mbio fupi za wanaume, mbio fupi za wanawake, na kupokezana kwa timu ya mwanamke na mwanamume.

Swali. Habari za kazi wahariri. Kijana wangu anasoma Grenoble, Ufaransa, na amejiunga na klabu ya chuo ya mchezo huu. Ana kimo cha sentimita 178 na uzito wa kilo 72. Mwezi Machi anataka kuingia mbio zake za kwanza, zile za mlima mzima za mtu mmoja mmoja. Ameonyeshwa skii za sentimita 151, na muuzaji anamwambia hakuna nyepesi kuzidi hizo dukani. Baba yake amekubali tumwongezee hela ya korosho mnada ukilipa. Je, tumtumie anunue? – *Mama, Shangani, Mtwara*

Jibu. Shikamoo mama. Hela hiyo ibaki kwanza. Skii za sentimita 151 hazimfai, na sababu si kimo chake tu. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISMF, zinataka skii ya mwanamume isipungue sentimita 160 na ya mwanamke isipungue 150. Kwa hiyo hizo alizoonyeshwa zimetengenezwa kwa ajili ya wanawake. Mbio zinazofuata kanuni hizo hupima vifaa, na kijana angeweza kurudishwa akiwa na tiketi ya basi, namba kifuani na skii mpya kabisa mkononi.

Upana nao una kiwango chake: mbele usipungue milimita 80, kiunoni, yaani chini ya buti, 60, na nyuma 70. Uzito pia una kikomo cha chini. Skii moja pamoja na kishikizo chake, kile kinachoishika buti, isipungue gramu 750 kwa mwanamume na 700 kwa mwanamke. Buti moja isipungue gramu 500 kwa mwanamume na 450 kwa mwanamke. Ndiyo maana neno «nyepesi kuliko zote» halina uzito sana katika mchezo huu. Ukishafika kwenye kikomo, gramu unayoendelea kuipunguza haikupi faida yoyote ya halali.

Sasa kwa nini watu wanahangaikia gramu hivyo? Kwa sababu mzigo wa mguuni ni tofauti na mzigo wa mgongoni. Chukua mpando wa mita 1,000 na hatua inayompandisha mtu sentimita 18 kila anapokanyaga. Hizo ni hatua zipatazo 5,500, na katika kila hatua mguu mmoja unasimama, unaanza tena kwenda mbele, kisha unasimama. Vifaa vya kawaida vya matembezi ya theluji, yaani skii, kishikizo na buti, vinaweza kufika kilo 3 kwa mguu mmoja. Vya mbio vinakaribia kilo 1.3. Hiyo tofauti ya kilo moja na nusu na zaidi, kila mguu, ndiyo inayomfanya mtu afike kileleni na nguvu au afike magoti yanatetemeka.

Lakini kutoka kwenye skii nyepesi kwenda kwenye skii nyepesi sana hesabu inabadilika. Tuseme kijana wako pamoja na vifaa vyake vyote ana kilo 80, na anapanda mita 1,000 kwa dakika 75. Akichagua skii zilizozidi gramu 100 kila moja, ameongeza gramu 200 kwenye kilo 80, sawa na robo ya asilimia moja, yaani sekunde 11 hivi. Tuzidishe mara tatu kwa kuwa uzito uko mguuni: ni kama nusu dakika. Kuanguka mara moja wakati wa kuteremka, skii ikachomoka, akaifuata, akafuta theluji chini ya buti na kuivaa upya, kunamla zaidi ya hapo. Skii ya kaboni tupu ya gramu 680 hurushwarushwa na mabonge ya theluji iliyoganda. Anayeizoea ameteremka nayo misimu kadhaa. Kwa mgeni wa mchezo wa kilo 72 tungechagua skii ya sentimita 160 hadi 164, kiuno milimita 64 hadi 66, na uzito wa gramu 750 hadi 850 kabla ya kufungwa kishikizo. Ahakikishe pia pua yake ina mkato wa kunasia kamba ya ule ukanda wa manyoya. Baadhi ya skii nyepesi za matembezi hazina mkato huo, na bila huo kubandua ukanda kwa mkono mmoja ni shida.

Kubwa zaidi, mama: skii ndicho kitu cha mwisho kununua. Buti ndiyo ya kwanza. Buti isiyomkaa vizuri itamchubua kabla ya mpando wa pili wa mlima, na hakuna skii itakayomsaidia. Aivae dukani nusu saa nzima, akiwa na soksi moja nyembamba. Kisigino kisiinuke anapopiga hatua, na vidole viguse mbele kidogo anaposimama wima lakini viachie anapokunja goti. Kifundo cha mguu kiweze kwenda mbele na nyuma kwa uhuru buti ikiwa imefunguliwa kwa kupanda.

Cha pili ni vishikizo. Vya mbio vina pini mbili zinazoibana buti mbele na pini mbili za kisigino. Havina breki. Vingi nguvu yake ya kuachia buti imewekwa kiwandani, haibadiliki kwa bisibisi. Nguvu hiyo ikiwa kubwa kuliko inavyostahili kwa uzito wake, kimo, umri, uzoefu na urefu wa soli ya buti, akianguka kinachozunguka ni goti badala ya buti kuchomoka. Ikiwa ndogo mno, skii humtoka kwenye kona ya kwanza ya barafu. Kwa msimu wa kwanza achukue kishikizo chepesi chenye kurekebishika, hata kama kinazidi gramu 80 au 100.

Kuhusu fedha, msimu wa korosho na msimu wa theluji haviendi pamoja kwa mnunuzi. Malipo ya mnada yanaingia mwishoni mwa mwaka, wakati ambao maduka ya huko yanauza kwa bei kamili kwa kuwa theluji ndiyo inaanza. Wanaoshindana huuza vifaa vyao mwezi Aprili, na maduka nayo hupunguza bei. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: sasa hivi mtumieni hela ya buti tu. Skii na vishikizo akodi au aazime klabuni kwa mbio za Machi. Kilichobaki kikae akiba hadi Aprili, atakapokuwa ameteremka vya kutosha kujua mwenyewe anataka nini.

Swali. Mimi ni seremala. Nimeona picha za hizo skii. Ubao wa mita 1.6 wenye chuma pembeni zote mbili unawezaje kuwa chini ya kilo moja bila kuvunjika? Ni mti gani huo? – *Fundi, Mikindani*

Jibu. Fundi, mti unaotumika sana ni paulownia, asili yake Uchina. Wengine huchanganya na balsa. Ukichonga kipande cha mpingo chenye ujazo wa lita moja kitakuwa na uzito wa kilo 1.2 hivi, ndiyo maana mpingo unazama majini. Kipande cha paulownia cha ukubwa huohuo hakifiki gramu 350. Aliyewahi kupasua msufi anaujua wepesi wa aina hiyo, na udhaifu wake pia: kucha inaingia.

Siri haiko kwenye mti peke yake. Unajua kwamba boriti ukiilaza kibapa inapinda, ukiisimamisha kwa upana wake inabeba bati. Ubao ukiongezewa unene mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara nane. Kazi inayofanywa na mti ndani ya skii ni kuzitenganisha tabaka mbili, moja juu na moja chini. Tabaka hizo ni kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa gundi ya epoksi, kisha kila kitu kikashindiliwa kwenye kalibu yenye joto hadi kikawa kimoja. Skii ikipinda, kitambaa cha juu kinabanwa na cha chini kinavutwa, na kaboni ni hodari kwa kuvutwa. Katikati hapahitaji nguvu nyingi, panahitaji tu pasibonyee. Chini kabisa kuna plastiki ngumu ya polithini inayoteleza, na pembeni utepe mwembamba wa chuma unaokwenda karibu urefu wote. Kanuni zinaudai chuma hicho, kwa sababu bila chuma skii haishiki kwenye barafu.

Panapoharibika ni pale fundi yeyote angepatilia shaka. Kwanza ni kwenye skrubu. Chini ya buti huwekwa kipande kigumu zaidi ndani ya mbao ili skrubu zishike, na nje ya kipande hicho kuna mti laini tu. Tundu likitobolewa sentimita chache nje ya mahali pake, skrubu inang'oka na kipande cha skii kinatoka nayo. Skii isiyo na tabaka la metali ndani hutobolewa kwa keekee ya milimita 3.5 au 3.6, kina milimita 9, tena kwa keekee yenye kizuizi, kwa sababu unene wenyewe ni mdogo na ukipitiliza umetokea upande wa pili. Weka gundi kwenye tundu kabla ya skrubu, kaza kwa mkono. Mashine ya umeme inazungusha skrubu mpaka inakula nyuzi zake yenyewe, kisha inazunguka tupu. Matundu mapya yawe mbali na ya zamani angalau milimita 10 kutoka katikati hadi katikati, na ya zamani yazibwe.

Pili ni maji. Jiwe likichana plastiki ya chini hadi kwenye mti, maji yanaingia, usiku yanaganda, yanatanuka na kuachanisha tabaka. Mkato wa namna hiyo ukaushwe siku mbili ndani ya nyumba ndipo uzibwe. Ukizibwa ungali na maji, umeyafungia humo.

Tatu ni asili ya kaboni yenyewe. Chuma kikizidiwa kinapinda na unakiona. Kaboni haitoi taarifa: leo nzima, kesho imekatika.

Swali. Mdogo wangu anafanya kazi Uswisi. Yeye na wenzake wawili wanajiandaa kwa Patrouille des Glaciers, mbio za timu za mchezo huu huko Uswisi, njia fupi ya kutoka Arolla hadi Verbier. Amepata skii za mtumba zenye vishikizo tayari. Akague nini kabla ya kulipa? – *Kaka mtu, Lindi mjini*

Jibu. Kaka, mwambie aende mchana, achukue rula, mizani ya jikoni, sarafu na kadi ya benki. Na abebe buti zake. Kusahau buti ndilo kosa linalowagharimu watu wengi.

Aanze na buti hizo. Vishikizo vya mbio mara nyingi vimefungwa kwa urefu wa soli ya buti moja tu. Urefu huo umeandikwa kwa milimita ubavuni mwa buti, kwa mfano 297, na ni tofauti na saizi ya kiatu: buti mbili za saizi moja kutoka viwanda tofauti zinaweza kupishana milimita kadhaa. Buti ikishawekwa, nafasi kati ya kisigino na mwili wa kishikizo cha nyuma iwe ile iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kishikizo hicho. Kwenye vingi ni milimita 4. Ikiwa buti inagusa, skii ikipinda itaisukuma na kuitoa bila mtu kuanguka. Nafasi ikizidi, pini za nyuma hazishiki vya kutosha. Pakiwa na kibao cha kusogezea, kama milimita 20 au 30, kazi ni ya dakika tano. Kisipokuwepo, itabidi kutoboa upya, kwa hiyo ahesabu matundu ya zamani. Skii ambayo imeshatobolewa mara mbili aiache.

Kisha azikutanishe skii mbili, nyuso za chini zikitazamana. Katikati pabaki mwanya, kwa sababu skii nzima ina upinde. Mwanya ukiwepo upande mmoja zaidi ya mwingine, au pua moja ikielekea kushoto, moja kati ya hizo imejipinda. Agonge kwa sarafu kutoka puani hadi mkiani akisikiliza: mlio uwe mmoja. Panapotoa mlio mzito, wa kubwata, tabaka zimeachana hapo ndani. Apitishe kadi ya benki kwenye ukingo, kati ya chuma na plastiki. Ikiingia popote, mazungumzo yaishie hapo. Kutu ya juujuu kwenye chuma si tatizo, inafutika kwa jiwe la kunolea. Mistari myembamba kwenye rangi mbele ya kishikizo ni tatizo, hapo ndipo skii huvunjikia.

Apime kila skii kwenye mizani. Zikitofautiana gramu 10 ni kawaida ya kiwanda. Zikitofautiana 40, moja imewahi kutengenezwa kwa gundi nyingi, au imenyonya maji.

Mwisho avae buti, afunge kishikizo cha mbele, na azungushe kisigino juu na chini mara kadhaa. Pini ziwe kimya. Zikicheza ndani ya vitundu vya buti, aangalie upya kama ni pini zilizolika au ni vitundu. Pini zikilika unabadilisha kishikizo, vitundu vikilika unabadilisha buti.

Na kwa mbio hizo hasa, asikimbilie skii nyembamba za bingwa. Njia ndefu, ya kutoka Zermatt, ina kilomita 57.5 na mipando ya zaidi ya mita 4,300. Hiyo ya Arolla ni karibu nusu, lakini nayo inakwenda timu ya watu watatu, na theluji hubadilika kutoka barafu ya alfajiri hadi uji wa mchana. Wanashuka pamoja, kwa hiyo kasi ya timu ni kasi ya yule anayeteremka vibaya. Kiuno cha milimita 65 hadi 75 kitamtunza vizuri. Tena wote watatu wakubaliane vishikizo na ukanda wa aina moja, ili kimoja kikiharibika cha mwenzake kisaidie.

Swali. Huo ukanda wa manyoya wengine huuita ngozi; hizo ngozi ni za mnyama gani, na kwa nini watu wanasema zinawaangusha? – *Mwalimu, Masasi*

Jibu. Zamani zilikuwa ngozi halisi za sili, na jina likabaki. Za leo ni kitambaa. Za mbio hufumwa kwa mohea, nywele za mbuzi wa Angora, kwa kuwa zinateleza mbele vizuri kuliko nailoni, ingawa huisha upesi. Nywele zimelala kuelekea nyuma: ukisukuma mbele zinalala, ukirudi zinasimama na kushika theluji. Ukitaka kuona inavyofanya kazi, pitisha kiganja kwenye ulimi wa ng'ombe, kwenda na kurudi.

Upande wa pili una gundi isiyokauka. Kwenye skii ya kiuno cha milimita 65, ukanda wa milimita 58 hadi 60 unatosha, kwa sababu kingo za chuma lazima zibaki wazi. Ukanda wa mbio haufiki mkiani, unaishia nyuma kidogo ya kisigino. Unanaswa puani kwa kamba ya mpira, na kileleni mwanariadha huuvuta kuanzia puani bila kuvua skii.

Unaangusha watu kwa njia mbili. Gundi ikiingia theluji, au ikipoa mno, haishiki tena. Dawa ni kuifuta kwenye paja na kuupachika ndani ya nguo kifuani upate joto, na kubeba jozi ya akiba. Njia ya pili ni manyoya kulowa kwenye theluji ya jua kisha kuingia kivulini yakaganda. Hapo theluji inajikusanya chini ya mguu kama tope la mfinyanzi kwenye jembe, na mtu anatembea na kilo mbili za ziada. Kwa hiyo manyoya hupakwa nta kabla ya mbio, kuelekea nyuma, kamwe si kinyume chake.

Mwalimu, kishikizo nacho kina tabia kama hiyo. Theluji ikishindiliwa chini ya kipande cha mbele, makucha yanafunga nusu na pini hazikai sawasawa. Mtu anadhani amefunga, kona ya kwanza skii inakwenda zake. Achokoe theluji kwa ncha ya fimbo kabla ya kukanyaga, na akishafunga apeleke kisigino juu na chini mara tatu kusafisha vitundu.

Swali. Mtu aliyeko huku kwetu anaweza kujiandaa? – *Kijana, Newala*

Jibu. Kupanda, ndiyo. Pale Shimo la Mungu una mteremko mkali wa uwanda wa Makonde kuelekea bonde la Ruvuma, ambao wengi wanausafiria kuutazama tu. Chukua fimbo mbili zinazokufika kwapani, panda kwa hatua ndefu za kuburuta badala ya kuinua goti, dakika 3 kwa nguvu na dakika 3 taratibu, mara sita, kisha ushuke polepole kulinda magoti. Kuteremka kwa skii hakuna mbadala wake hapa, na hilo utalijifunza kwenye theluji, na mwalimu, kwenye mteremko mpole. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa riadha kabla hajakimbia kwa skii kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Pumzi alikwenda nayo kutoka nyumbani, skii alijifunzia Finland.